Pikipiki Iliyozimika Kwenye Mawe

Alhamisi, Eudald aliposukuma pikipiki yake kuingia gereji kwangu, sikunyanyuka. Nilikuwa nimekaa juu ya kreti nakula mkate uliopakwa nyanya, mikono inaniuma mpaka viwikoni, maana wiki nzima nilikuwa nanoa misumeno ya wakata misonobari. Nilimtazama kaka yangu, nikaitazama pikipiki, nikatamani wote wawili wageuke warudi walikotoka.

"Imezima tena," akasema.

"Hata salamu hakuna?"

"Salamu utaipata siku itakapopona. Wewe Remei fundi gani, kila ukiitibu inarudi na homa ileile?"

"Fundi wa bure, kaka. Wa bure ndivyo tulivyo."

Akacheka, akaiegemeza ukutani, akavuta kreti lingine akakaa na kumega mkate wangu bila kuomba. Ana miaka sabini na moja, na tangu ujana wake hajaniomba kitu, huchukua tu. Nami nimezoea kulalamika na kumwachia.

Mtu wa mbali akisikia mashindano ya pikipiki hudhani ni mbio. Huku kwetu milimani hakuna anayekimbia. Unapanda mawe, mizizi na vijito kwa mwendo wa kobe, ndani ya kipande kilichozungushiwa utepe, na kila ukigusa mguu chini unaandikiwa pointi, na pointi ni aibu. Ukianguka au injini ikikuzimikia kipandeni, hiyo ni tano, hakuna mbaya kuliko hiyo. Ndiyo maana pikipiki za mchezo huu hazitakiwi nguvu, zinatakiwa adabu. Zinywe mafuta kidogokidogo, zihemee chini kabisa, na zisizime. Ya Eudald ni ndogo, nyekundu, ya kiwanda kilichokufa sisi bado vijana, na kwa miaka yote hiyo ilikuwa na adabu kuliko mwenyewe.

Lakini majira haya ya kuchipua ilikuwa imeanza kuzima. Na safari hii kuzima kwake hakukuwa jambo la mchezo, kulikuwa jambo la nyumba.

Tangu mkewe Assumpta afariki, Eudald anaishi peke yake Can Grèvol, nyumba ya baba yetu, juu kabisa barabara ya lami inapoishia. Ana kuku, ana jiko la gesi la mtungi, ana jirani wa karibu ambaye si wa karibu hata kidogo. Mwanawe Quirze anakaa Barcelona, na kila akipanda kumsalimia baba yake humaliza kwa wimbo mmoja: shuka mjini, baba, chumba kipo. Krismasi walizozana mezani mbele ya mchuzi mpaka Eudald akapiga meza kwa ngumi.

"Sikiliza," alimwambia. "Mwaka nitakaoshindwa kumaliza mashindano ya kijiji chetu, nitashuka mwenyewe. Hutanivuta. Lakini mpaka siku hiyo usiniguse na habari za chumba."

Quirze alimpa mkono. Na Eudald, kwa ubaya wake wote, hajawahi kuvunja neno lake.

Basi mwezi wa tatu alikwenda mashindano madogo ya kijiji jirani, pikipiki ikamzimikia kipandeni, ikawaka, ikazima tena, mwishowe miguu ikamwishia kwa kupiga kiki, akarudi nyumbani bila kumaliza. Mwezi wa nne, kijiji kingine, hivyohivyo. "Hayo hayahesabiki," alisema. "Na isitoshe ni pikipiki, si mimi." Ya kijiji chetu yalikuwa Jumapili ile. Kwa hiyo Alhamisi ile, pamoja na misumeno na mgongo wangu, nilikuwa nimebebeshwa hata nyumba ya baba ndani ya bakuli la kabureta.

"Haya, niambie inavyozima," nikasema.

"Nimeshakwambia."

"Niambie tena. Nimechoka, nasahau."

Akapangusa makombo. "Inaingia kipandeni vizuri. Inafika katikati, inaanza kulia juujuu yenyewe, kama inataka kupaa. Halafu inakohoa. Halafu kimya. Nasubiri kidogo, napiga kiki wee, inawaka kama hakuna kilichotokea."

Hiyo ni kiu. Injini iliyoshiba mafuta kupita kiasi hugugumia na kutoa moshi, lakini inayokufa kwa kiu hupandisha sauti kwanza. Nilifungua plagi, ilikuwa nyeupenyeupe, nayo ikasema hivyohivyo: mafuta hayafiki. Nililijua hilo tangu mwezi wa tatu. Sikujua yanakwamia wapi.

Mara ya kwanza nilimpata mchawi, au nilidhani. Tangi lake la zamani lilikuwa la faiba, na petroli ya siku hizi ina spiriti ndani yake, na spiriti inayeyusha faiba. Nilipofungua kabureta nikakuta gundi ya kahawia imejaa kwenye jeti, kitundu kinachopitisha mafuta, inanata kama asali ya mwaka juzi. Niliosha kila kitu, nikamwambia tangi hilo halifai tena. Aligombana nami kama nimemtukania mama, kisha akakubali, na fundi wa mabati akamchongea jingine la alumini. Tangu hapo ni sufuria lenye magurudumu, watu wanamcheka. Na bado inazima.

Mara ya pili nilibadilisha sindano ya boya, inayoruhusu mafuta kuingia bakulini. Mara ya tatu nilipuliza upya njia zote za hewa, nikatoa koki ya mafuta chini ya tangi, nikasafisha chujio lake, nikabadilisha mpira. Nilipuliza hata tundu la mfuniko wa tangi, maana likiziba tangi linashindwa kuvuta hewa na mafuta hayashuki. Lilikuwa wazi. Na kila mara, nikishamaliza, niliiwasha nikaiacha inanguruma pale mlangoni mchana kutwa mpaka majirani wakafunga madirisha. Kwangu haikuzima hata mara moja.

Alhamisi ile nilirudia yote. Nilichomoa mpira, nikafungua koki, mafuta yakashuka kwa nguvu kama mbuzi anakojoa. Nililegeza skrubu ya bakuli, bakuli lilikuwa limejaa. Nilitoa jeti ndogo nikaitazama kwenye mwanga wa mlango kwa jicho langu linalotoa machozi. Safi.

"Umeona kitu?" Eudald akauliza. Aliuliza kwa hamu mpaka nikamwonea huruma.

"Kuna vumbi kidogo kwenye jeti," nikasema. Halikuwepo. Nilisema tu ili aende zake nikalale.

Uso wake ukachanua. "Si nilikwambia! Vumbi! Njia ya kwangu si unaijua ilivyo."

"Jumapili nitakuja kukubebea begi," nikasema. "Nataka niione ikizima kwa macho yangu."

"Na magoti yako hayo?"

"Nenda, kaka, kabla sijabadilisha mawazo."

Kila mpanda mawe ana mtu wake wa begi. Humfuata kwa miguu kutoka kipande hadi kipande akiwa na maji, spana, plagi ya akiba na maneno ya kumtia moyo. Zamani alikuwa Assumpta. Mimi nina spana nzuri kuliko zake, lakini maneno ya kutia moyo sina.

Jumapili kulikuwa na ukungu, na msitu wa chestinati ulikuwa umelowa kila jani. Wazee wote walikuwepo na pikipiki zao za enzi hizo, moshi wa oili umetanda, kila mmoja anamcheka mwenzake.

"Eudald, hilo sufuria umeweka dengu ndani?"

"Nimeweka pointi zako, Llogari, njoo uzipakue!"

Llogari zamani alikuwa tarishi, siku hizi ndiye mwamuzi, anayetoboa kadi za pointi kwenye kipande cha kijito. Alimcheka mpaka kikohozi kikamshika. Nilimtazama kaka yangu amesimama juu ya vikanyagio, magoti yamekunjwa, mgongo umelegea, akapanda kipande cha kwanza bila kugusa chini. Sifuri. Cha pili mguu mmoja tu. Alipanda kama mtu anayeshuka ngazi za nyumbani kwake, na nikasahau kwa muda kwamba miguu inaniuma.

Kwenye kijito tulikuta foleni. Desturi ni kwamba hupandi kipande usichokikagua, kwa hiyo kila mtu huegesha pikipiki nje ya utepe, hufunga koki ya mafuta, akaenda kwa miguu kutazama mawe. Koki lazima ufunge. Kabureta zetu hizi za kizee zinavuja pikipiki ikiinama, ukiiacha wazi unarudi unakuta injini imelewa, haiwaki. Tulikwenda wote, tukabishana kuhusu jiwe kubwa la katikati, mimi nikisema kushoto, yeye akiniuliza nimezaliwa lini. Akarudi, akapiga kiki, ikawaka mara moja. Akaingia. Alifika chini ya lile jiwe kubwa, injini ikapandisha sauti, ikakohoa, kimya.

"Tano!" Llogari akaita, na sauti yake ilikuwa na huruma.

Nilishuka mbiombio, nikateleza, nikafika nimelowa suruali. Nilikagua koki, iko wazi. Mpira, una mafuta. Mfuniko, unapumua. Alipiga kiki wee, ikawaka. Kipande kilichofuata, vilevile. Pikipiki ile ilikuwa inanicheka. Eudald alikuwa amelowa jasho ndani ya kofia, na niliona mguu wake wa kulia unatetemeka kila alipoukanyagia kiki. Nilihesabu kichwani vipande vilivyobaki nikajua hatafika.

"Tupumzike," nikamwambia.

"Saa inakwenda, Remei. Nikichelewa ni sawa na kutomaliza."

Kipande kilichofuata kilikuwa juu, kwenye mizizi. Nilikuwa nimekwisha. Nilimwambia aende akakague peke yake, mimi nikaketi chini kwenye majani mabichi kando ya pikipiki, uso wangu sawasawa na injini. Sikuwa nachunguza chochote. Nilikuwa mwanamke mzee aliyekaa chini kwa sababu hawezi kusimama.

Koki ilikuwa mbele ya pua yangu. Imefungwa, kama inavyotakiwa.

Eudald alirudi, akavaa kofia, akapiga kiki, ikawaka. Aliingiza gia. Koki ilikuwa bado imefungwa. Nilidhani ataifungua sasa. Hakuifungua. Aliondoka nayo hivyo, imefungwa, na mafuta ya kwenye bakuli tu, yale yanayotosha kumfikisha mtu katikati ya kipande.

Nilitaka kuita, alikuwa ameshaingia ndani ya utepe. Nilimtazama akipanda mizizi vizuri kabisa, kisha ile sauti ya kiu, kisha kimya. Alitua mguu. Na mkono wake wa kushoto ukashuka chini ya tangi, ukaigeuza koki, haraka, kama mtu anayefunga kifungo cha suruali mbele za watu.

Mwanzoni nilicheka. Koki! Miezi yote ile, gundi, sindano, jeti, usingizi wangu, kumbe koki! Nilishika tumbo nikacheka peke yangu kwenye majani. Halafu kicheko kikaniishia. Kila mpanda mawe amewahi kusahau koki mara moja, na wenzake wakamtania mwaka mzima. Lakini hii ilikuwa ya tatu asubuhi ile, na mwezi wa nne, na mwezi wa tatu. Mkono uliofungua koki kwa miaka hamsini bila kukumbushwa. Nikafikiria lile jiko la gesi kule juu, na mtungi wake, na koki yake, ambayo ubaya wake si kuisahau imefungwa, ni kuisahau iko wazi. Nikaogopa.

Nilimpa maji. Kipande kilichofuata, aliporudi kutoka kukagua na kuinama kufunga kamba ya kofia, nilipitisha mkono nikaifungua koki mwenyewe. Alipanda bila kuzima. Kilichofuata nikafanya hivyo tena, na kingine tena, nikijifanya naangalia mpira au napangusa tope. Alipanda kama kijana, na mimi nilikuwa nyuma yake na begi, nachechemea, nafungua koki. Kila alipopata sifuri watu walipiga makofi, na kila makofi yalipopigwa niliona uchungu zaidi. Nilikuwa namponya au namdanganya, hata sasa sina hakika.

Alimaliza. Alivuka mstari pale uwanjani mbele ya kanisa, muda bado upo, na wazee wakampigia honi.

Soseji zilikuwa zinachomwa, maharage meupe yako kwenye masinia, divai inazunguka. Tuliketi mwisho wa meza ndefu, sisi wawili tu. Eudald alikata soseji yake vipande vidogovidogo, hakula hata kimoja.

"Umeifungua wewe," akasema.

Nilitaka kumuuliza nimefungua nini. Sikuweza. "Nimeifungua."

"Umejua lini?"

"Leo. Nilipokaa chini."

Akatikisa kichwa taratibu. "Mimi tangu mwezi wa pili. Nilishuka kununua chumvi. Nikakaa kwenye benchi lile pale, unaliona? Nimeishika chumvi mkononi, na sijui barabara ya kwenda kwangu ni ipi. Nilikaa mpaka ikarudi kichwani."

"Kaka. Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Ilirudi." Alisukuma sahani. "Halafu pikipiki ikaanza. Kila ikizima mkono wangu unaikuta koki imefungwa. Najiambia, labda nimeifunga sasa hivi, kwa kuzubaa. Nakuletea. Ukipata uchafu, nalala vizuri. Ile gundi ya tangi, Remei, siku uliyonionyesha ile gundi nilirudi nyumbani naimba. Alhamisi uliposema vumbi, vilevile." Akanitazama. "Nilikuwa naomba Mungu iwe kabureta."

Nilimshika mkono. Tangu mazishi ya Assumpta nilikuwa sijamshika mkono. Ulikuwa na oili, kama wangu.

"Vumbi halikuwepo," nikasema.

"Najua. Hujui kudanganya, unakodoa macho."

Quirze akatokea kati ya meza, glasi mikononi, amevaa viatu vyake vyeupe vya mjini vilivyojaa tope. Ni kijana mzuri, sina la kumlaumu. Alimkumbatia baba yake kwa nyuma na kumbusu kichwani.

"Mzee, umenishinda! Nimekuona kile kipande cha mwisho, nimepiga kelele mpaka koo limekauka. Haya, neno ni neno. Baki na kuku wako, mwaka huu sisemi kitu." Akanigeukia. "Shangazi, wewe ndiye umeiweza. Ilikuwa na nini hasa?"

Nilifungua mdomo. Mbele ya Mungu, sijui ningesema nini. Ningeweza kusema jeti. Ilikuwa rahisi sana kusema jeti, na kaka yangu angelala Can Grèvol usiku ule, na usiku uliofuata.

"Sikumaliza," Eudald akasema.

"Hukumaliza vipi? Si nimekuona, baba, umevuka mstari!"

"Nimeguswa."

Quirze akacheka, lakini kicheko cha mtu ambaye hajaelewa. Amekulia kwenye mawe haya, anaijua kanuni: mpandaji akisaidiwa kipandeni, mtu akiishika pikipiki yake, basi kipande hicho hakikupandwa, ni tano hata ungepaa. Nje ya utepe, kushikiwa si kosa. Eudald alilijua hilo kuliko mtu yeyote pale uwanjani, na bado alijihukumu.

"Sasa nani amekugusa?" Quirze akauliza. Akatutazama mmoja mmoja, glasi bado ziko mikononi, akisubiri tumwambie kwamba ni utani.

"Mimi, mwanangu," nikasema. "Kaa chini."